MWILI WA MTOTO NI AMANA: TUMSAIDIE BILA KUMWAIBISHA



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, leo naomba tuzungumze jambo ambalo mimbarini hatulizungumzi sana. Tunazungumza swala ya mtoto, stara ya binti, adabu, na juzuu alizohifadhi. Mwili wake tunausahau. Na tukiutaja, mara nyingi ni kwa mzaha. Mgeni anaingia ndani, anamshika mtoto shavu na kusema, "Huyu mnamlisha nini?" Wakubwa wanacheka. Mtoto naye anacheka, kwa sababu hana la kufanya.

Mimi ni mwalimu wa madrasa na mlezi kama wewe, siyo daktari. Ya kitabibu nitakayoyataja ni yale yanayojulikana na kutangazwa na wataalamu wa afya. Lakini kuna sehemu ya jambo hili ambayo haipo hospitalini. Ipo jikoni kwako, ipo mfukoni mwako, na ipo kwenye ulimi wako. Hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze.

TULIPOTOKA

Tuwatendee haki wazee wetu. Wao walilea katika miaka ya njaa na surua. Mtoto mwenye nyama alikuwa na kitu cha kumsaidia pale homa inapomkamata. Kwa hiyo bibi anaposema "mtoto amenawiri, mashaallah", anasema kutokana na aliyoyaona. Na hata leo udumavu haujatuacha. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 hapa Tanzania ulionesha kwamba takriban watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa.

Lakini sasa kuna mgeni mwingine ameingia, na wakati mwingine ameingia katika nyumba ile ile. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390, wa umri wa miaka 5 hadi 19, walikuwa na uzito uliozidi. Kati yao milioni 160 walikuwa na unene wa kupindukia. Na madaktari wanatuambia unene wa utotoni huwa unamfuata mtu ukubwani, ukiwa na wenzake: kisukari, shinikizo la damu, maumivu ya magoti, mafuta kwenye ini.

Ndugu yangu, sote tumezika watu wa kisukari. Tunaijua njia hiyo. Tusiwaelekeze watoto wetu huko huku tukiiita mapenzi.

HALALI, NA PIA TAYYIB

Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Allah anawaamrisha watu wale vya halali vilivyo vizuri. Mambo mawili: halali, na tayyib. La kwanza tunalijua vizuri. Tunauliza kuku amechinjwa na nani. Tunageuza pakiti ya biskuti kutafuta kama kuna mafuta ya nguruwe. Hilo ni jema, Allah atuzidishie. Lakini la pili, je, kinamfaa mwili huu? Hapo hatuulizi. Na katika Suratul A'raaf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, kisha tukakatazwa kupitiliza, kwa sababu Allah hawapendi wanaopitiliza.

Asiwepo wa kuninukuu kwamba sheikh kasema soda ni haramu. Sijasema hivyo. Nasema kitu cha halali kinaweza kuwa na madhara kikizidi, na mtoto hajui mpaka uko wapi. Wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuujua.

Tazama alivyolea Mtume wetu (s.a.w.). Abu Hurayra (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Hasan bin Ali alipokuwa mdogo aliokota tende moja katika tende za sadaka akaitia mdomoni. Mtume (s.a.w.) akamwambia aitoe, kisha akamweleza sababu: wao hawali sadaka. Najua hukumu ya pale ilihusu sadaka, haikuhusu uzito. Lakini angalia malezi yaliyomo. Tende moja tu, na mjukuu anayempenda kuliko tunavyoweza kueleza. Hakusema "mwache, ni mtoto." Alikilinda kinywa chake. Na hakumzuia kimya kimya. Alimpa sababu, ingawa ni mtoto mdogo.

KIJANA ALIYEKATAA MADRASA

Siku moja mama mmoja alinifuata baada ya darsa. Alitaka nimsomee mwanawe, wa miaka tisa. Alisema, "Sheikh, huyu amepatwa na jicho. Alikuwa anapenda chuo, sasa kila ikifika saa tisa alasiri tumbo linamuuma. Akishakosa kwenda, tumbo linapona."

Nilimsomea, kwa sababu dua haikataliwi. Kisha nikamwomba mama atupishe kidogo, nikakaa na kijana jamvini. Nilimuuliza tumbo linauma sehemu gani. Akanyamaza. Nikamuuliza chuoni anakaa karibu na nani. Hapo machozi yakamtoka. Akaniambia wanamwita Bonge. Akaniambia wakisujudu, walio nyuma yake wanacheka kwa sababu kanzu inambana. Akaniambia hata ustadhi akiita majina, yeye humwita hilo hilo.

Ndugu zangu, mtoto alikuwa anaikimbia Qur'ani kwa sababu ya jina. Katika Suratul Hujuraat, aya ya 11, Allah ametukataza kudharauliana na kuitana majina ya kuudhi. Aya hiyo haikuweka umri. Haikusema watoto hawamo. Nilikwenda kwa yule ustadhi, tukazungumza wawili, na namshukuru kwamba alisikia.

Kisha nikawaita wazazi wote wawili. Niliwauliza kijana anakula nini. Mama akasema, "Anachokula wenzake." Tukahesabu polepole. Asubuhi chai ya sukari vijiko vitatu na maandazi. Shuleni soda na chipsi kwa hela aliyopewa. Akirudi, juisi. Jioni wali. Saa tatu usiku baba anaingia na mfuko wa chipsi mayai, na kijana anaamshwa ale zikiwa za moto. Gari la shule linamchukua mlangoni na kumrudisha mlangoni. Baada ya hapo ni simu, mpaka usingizi umkute.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Sheikh, mimi nimekua na njaa. Niliapa mwanangu hatalala na hamu ya kitu."

Nilimwambia, ndugu yangu, kiapo hicho kina huruma ndani yake na Allah anaijua nia yako. Lakini njaa na hamu ni vitu viwili. Njaa ya mtoto ni wajibu wako kuiondoa. Hamu yake ni wajibu wako kuilea. Ukiiondoa kila hamu inapokuja, utamkabidhi Ramadhani akiwa hajui kusubiri hata saa moja. Na nikamwambia jambo moja zaidi: kijana anachokingoja saa tatu usiku huenda siyo chipsi. Huenda anakungoja wewe.

Wakakubaliana hivi. Baba akawa anawahi kurudi siku anazoweza, wanakwenda msikitini pamoja kwa miguu, Maghribi na Isha. Hakuna aliyemwekea kijana chakula chake peke yake. Nyumba nzima ikabadilisha: soda ikatoka, chai ikapunguzwa sukari kwa wote, hata kwa baba, na huyo ndiye aliyelalamika zaidi. Baada ya miezi kadhaa walikwenda kliniki. Hakuwa amekonda. Alikuwa amerefuka, na uzito ulikuwa karibu ule ule. Muuguzi akawaambia hicho ndicho walichokuwa wanakitaka. Na chuoni alikuwa amesharudi zamani.

Somo ninalotaka ulichukue hapa ni hili: mtoto wa miaka tisa hana mshahara. Hanunui gunia la sukari, hapangi kinachopikwa, hakuchagua kukaa ghorofani pasipo na uwanja. Ukitaka mwili wake ubadilike, anza na nyumba. Kumlaumu yeye ni kumhukumu asiyeshika funguo.

TUFANYE NINI?

1. Maji kwanza. Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida ina takriban gramu 50 za sukari. Hivyo ni vijiko vya chai kama kumi na viwili. Kwa watoto wengi wa shule ya msingi hiyo peke yake inapita kiwango cha sukari cha siku nzima kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Juisi za pakiti na za unga hazina tofauti kubwa. Hata juisi ya nyumbani ukiimiminia sukari, umeigeuza soda. Mpe maji, na tunda alitafune: chungwa, embe, papai, ndizi. Kama huwezi kuacha soda kwa mara moja, ifanye ya sikukuu. Mwenye mtoto mchanga, anza na alichoanza nacho Allah: ukamilifu wa kunyonyesha ni miaka miwili, kama ilivyo katika Suratul Baqara aya ya 233, na maziwa ya mama ni miongoni mwa vitu vinavyomkinga mtoto na unene.

2. Pakua kidogo, ongeza akiomba. Wapo wazazi wanaomlazimisha mtoto amalize sahani kwa sababu Sunna ni kutoacha mabaki. Sunna hiyo ni kweli. Lakini sahani aliijaza nani? Ukipakua kidogo, mtoto atamaliza na Sunna itapatikana bila fimbo. Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia kasoro chakula, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Akisema ameshiba, msadiki. Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inatufundisha theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Mtoto mchanga anaijua theluthi hiyo kwa maumbile: akishiba anageuza uso. Sisi ndio tunaomsahaulisha.

3. Mboga zisiwe pambo. Mchicha, kisamvu, matembele, bamia, maharage, kunde, dagaa, samaki. Hivi si vyakula vya kimaskini, ni vyakula vyenye heshima. Wali uwepo, lakini usiwe mlima wenye kijiko cha mchuzi juu. Dona inashibisha zaidi ya sembe. Vitu vya kukaanga, chipsi, sambusa, maandazi, visiwe vya kila siku. Na mnaokula sinia moja, wafundisheni watoto alivyofundishwa Umar bin Abi Salama alipokuwa kijana na mkono wake ukizunguka sahanini: apige Bismillahi, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Sinia ya fujo ni mashindano, na mwenye kushindana hajui aliposhiba.

4. Zawadi isiwe sukari. "Ukihifadhi Suratul Mulk nitakununulia soda." Tumeyasema haya wengi, na walimu wa madrasa tunagawa pipi. Mpe mpira. Mpe kamba ya kuruka. Mpeleke baharini Ijumaa jioni mkaogelee. Asijifunze kwamba kila jema hulipwa mdomoni.

5. Aucheze mwili wake. Wataalamu wanashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 kwa siku za harakati zinazoufanya moyo uende mbio. Si lazima zije mara moja. Rede, kombolela, chandimu, kuruka kamba, kuendesha baiskeli, kufagia uwanja, kwenda dukani kwa miguu, vyote vimo. Kama mtaa wenu hauna uwanja, ongea na uongozi wa msikiti kuhusu ua baada ya Alasiri. Kama barabara ni mbaya, mzazi mmoja awasindikize watoto wa nyumba tano. Swala isihesabiwe hapa; swala ni ibada, tusiigeuze mazoezi ya viungo. Lakini kila hatua ya kwenda msikitini ina malipo, na miguu nayo inapata haki yake.

Na binti yako je? Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, kama ilivyo katika Sunan Abi Daud, kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) safarini akamshinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena na Mtume akashinda, akamfanyia mzaha mwema kwamba sasa wako sawa. Angalia: mwili ulikuwa umeongezeka, na alichokipata ni mwaliko wa kukimbia na tabasamu la mume. Hakupata kejeli. Mtafutie binti yako mahali penye stara akimbie. Asikae ndani kwa kisingizio cha dini ambacho dini haikukitoa.

6. Alale mapema. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, na mtoto asiyelala vizuri hupata hamu zaidi ya kula. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri awe amelala saa mbili usiku. Mtume (s.a.w.) hakupenda mazungumzo baada ya Isha, basi simu baada ya Isha tuseme nini? Mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Na wakati wa kula simu zote zikae mbali, kuanzia ya baba.

MAMBO YA KUOGOPA

Usimpe mtoto dawa wala chai za kupunguza mwili. Usimnyime chakula. Usimfungishe ili akonde. Funga ni ya Allah, na mtoto anazoeshwa kwa kadiri ya uwezo wake. Ramadhani yenyewe tuitazame: futari ya kaimati, tambi za sukari na mitungi ya sharubati haiwezi kuitwa mapumziko ya tumbo.

Usijipimie kwa macho pia. Wapo watoto wanene kwa macho yako lakini wako sawa, na wapo wembamba wenye matatizo. Mpeleke kituo cha afya wakapime urefu na uzito wake kulingana na umri. Wakati mwingine kuna sababu nyingine, kama homoni au dawa anazotumia. Na ukiona anakoroma sana na pumzi inakatika usingizini, au anakunywa maji mno na kukojoa mara kwa mara, usingoje. Wapo akina mama wanaomsugua mtoto shingoni kwa dodoki wakidhani ni uchafu. Weusi mzito wa shingoni usiotoka kwa sabuni unaweza kuwa dalili kwamba sukari mwilini haiendi sawa. Weka dodoki chini, nenda kwa daktari.

MWISHO, ULIMI

Mama yangu, baba yangu, shangazi, mjomba: mtoto mnene anajua kwamba ni mnene. Ameambiwa shuleni, ameambiwa dukani, ameambiwa na kioo. Hakuhitaji wewe umwambie tena. Anachokihitaji ni nyumba moja duniani ambayo jina lake ni lile alilofanyiwa akika. Mwite kwa jina hilo. Usimlinganishe na ndugu yake. Na akija bibi na kusema "mbona mnamtesa mtoto, mpeni ale", msigombane naye. Mwambieni kwa adabu, "Bibi, tunataka akuzike wewe akiwa mzima, tusije kumzika sisi." Atafahamu. Wazee wetu wanafahamu sana wakiheshimiwa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa kuhusu alichokichunga. Mchunga hampigi kelele mwanakondoo kwa kula majani mabaya. Anabadilisha malisho.

Basi leo, kabla hujalala, fungua friji au kabati lako. Angalia malisho. Chagua kitu kimoja tu cha kubadilisha kwa nyumba nzima, na kesho uanze na wewe.

Ewe Mola wetu, tujaalie wake zetu, waume zetu na vizazi vyetu wawe kitulizo cha macho yetu. Wape watoto wetu miili yenye nguvu ya kukusujudia na nyoyo zisizovunjwa na ndimi zetu. Waponye walio wagonjwa, uwarehemu tuliowatanguliza. Aamin.

Ukiona lina faida, mfikishie mzazi mwenzako. Ila usimtumie kwa kumsuta.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.